Lango Lina Kufuli ya Nani?

Ardhi yaweza kumtoka mwenyewe pasipo kuuzwa wala kunyang'anywa kwa nguvu. Katika sheria ya Uingereza, mtu aliyekalia ardhi ya mwingine bila ruhusa kwa miaka mingi aweza kuipata, ikiwa mwenyewe alinyamaza. Hata hivyo, mzigo wa kuthibitisha humwelemea mkaliaji, nao si mwepesi.

Mambo mawili hutakiwa. La kwanza, awe ameishika ardhi kwa vitendo, waziwazi, kama mwenyewe angaliishika. La pili, awe na nia ya kuishika kwa faida yake na kuwazuia wengine wote, hata mwenye hati. Nia imo moyoni, na mahakama haisomi moyo. Huitafuta katika vitendo.

Kesi mbili zaonyesha tofauti. Katika ile ya Powell na McFarlane, iliyoamuliwa katika miaka ya 1970, mvulana wa miaka 14 alianza kulisha ng'ombe katika ardhi isiyo yake na kukata nyasi zake. Jaji Slade aliona kwamba vitendo hivyo havikutosha: mtoto kunufaika na nyasi za mtu si dalili dhahiri ya kutaka kuishika ardhi yenyewe.

Kesi ya pili ni ya kampuni ya J.A. Pye na ukoo wa Graham, wakulima wa Berkshire. Mkataba wao wa malisho ulikwisha Desemba 1983, na kampuni ikakataa kuufanya upya. Wakulima wakaendelea kulima na kulisha. Ardhi ilizungukwa na ua wa miti, lango lilikuwa na kufuli, na ufunguo walikuwa nao wao. Mwaka 2002 Baraza la Malodi liliamua kwamba wameithibitisha miliki yao. Kwamba wangekuwa radhi kulipa kodi kama wangaliombwa, hakukuwadhuru.

Siku hizo muda ulikuwa miaka 12. Sheria ya mwaka 2002, iliyoanza kutumika Oktoba 2003, imemkinga zaidi mwenye ardhi iliyosajiliwa. Mkaliaji huweza kuomba baada ya miaka 10, lakini mwenyewe hupewa taarifa kwanza, na akipinga, maombi mengi huanguka. Asipoyajibu hupoteza ardhi.

Sheria za Kenya na Uganda zilirithi mengi kutoka huko, na humo pia muda wa kawaida wa kudai ardhi mahakamani ni miaka 12. Askari aliyehamishiwa kituo cha mbali, akamwachia ndugu au jirani shamba, afanye jambo dogo: amwandikie ruhusa, waitie sahihi wote wawili mbele ya shahidi, na kila mmoja abaki na nakala. Anayelima kwa ruhusa hahesabiwi miaka ya ukaliaji, na watoto wa pande zote mbili huepushwa na ugomvi wa kesho.