Umeme Upo, Unapotelea Njiani

Mkulima wa mkonge wa Ngombezi hauzi majani, anauza singa. Jani likishakatwa linatakiwa lisindikwe ndani ya siku mbili hivi, vinginevyo hukauka na singa hushuka daraja. Kwa hiyo umeme ukikatika kutwa nzima na kinu kikasimama, bei nzuri ya soko la dunia haimsaidii kitu.

Kwa miaka mingi lawama ilielekezwa kwenye uhaba wa uzalishaji. Hoja hiyo sasa imepungua nguvu. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilikamilisha mitambo yake yote 9 mwaka 2025. Hata hivyo, Machi mwaka huohuo Rais Samia Suluhu Hassan alieleza kuwa mikoa ya kaskazini ingenunua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya, kwani Taifa lilikuwa likipoteza takriban shilingi bilioni 32 kwa mwaka kwa umeme unaopotelea njiani kuelekea huko.

Hesabu yake si ngumu. Umeme wa Rufiji hufika Chalinze kwa kilovolti 400, lakini njia ya zamani ya Chalinze hadi Hale ni ya kilovolti 132. Kwa mzigo uleule na waya wa aina ileile, upotevu kwenye kilovolti 132 ni karibu mara 9 ya ule wa kilovolti 400. Ni sawa na kusafirisha maji kwa pakacha.

Maoni yetu ni kwamba shilingi itakayofuata isiende kwenye bwawa jingine. Iende kwenye njia kubwa ya kuja Tanga, vituo vya kupoza umeme na transfoma za vijijini. Aidha, mitambo iliyo jirani, Hale (megawati 21) na New Pangani Falls (megawati 68, ya mwaka 1995), ipewe matengenezo kwa wakati, maana umeme wake hausafiri mbali.

Wenye vinu nao wasikae wakisubiri Serikali. Mteja mkubwa hulipia pia kiwango cha juu cha kVA alichovuta kwa mwezi. Mota za kilowati 60 zenye pawa fakta ya 0.7 huvuta kVA 86. Zikifungiwa kapasita na kufikia 0.95, huvuta kVA 63 tu. Kazi ni ileile, ankara inapungua, na nyaya za kijiji kizima zinapumua.

Mwekezaji mdogo anayeshawishiwa kuweka fedha kwenye kinu asiridhike na bei ya singa pekee. Aombe kuona ankara za umeme za miezi 12 na daftari la saa ambazo kinu kilisimama. Faida ya mkonge, au hasara yake, imeandikwa humo.