iPod ya Zamani: Kutengeneza au Kustaafisha?

Hapa Werugha naulizwa sana: mbona unahangaika na iPod ya mwaka 2005 wakati simu inacheza muziki? Jibu langu: angalia kwanza ni nini kilichokufa ndani yake.

Betri ya lithiamu huchoka kwa umri, hata ikikaa kabatini. Hiyo ni ya kubadilisha tu. Diski nayo huzunguka; ukisikia inagonga-gonga, nakili nyimbo zako kwenye kompyuta leo, si kesho. Kisha diski hiyo unaweza kuitoa na kuweka kadi ya kumbukumbu kwa adapta. Kadi haizunguki, na hula umeme kidogo. Lakini bodi kuu ikiungua, usimalize pesa. Istaafishe.

Programu je? Apple ilitangaza mwisho wa iPod Mei 2022. Hata hivyo Rockbox, programu huria iliyoanza mwaka 2001, ilitoa toleo la 4.0 mwaka 2025, na iPod hizi za zamani bado zimo. Hiyo ndiyo raha ya msimbo ulio wazi.

Yangu imebeba nyimbo za Kidawida alizoimba bibi, mjomba akazirekodi. Hazipo YouTube wala Spotify. Nimeshazinakili mahali pawili, na sasa naitengeneza: betri mpya na kadi.

Wewe ukiamua kustaafisha, tafadhali usiitupe kwenye shimo la takataka zinazochomwa. Betri ya lithiamu ikipata moto hulipuka. Mpelekee fundi, atatoa vipuri.

Haya, yako imekufa nini?