Saa za rubani wa jeshi zihesabiweje?

Hivi majuzi nilipigiwa simu usiku wa manane na mpwa wangu aliye ng'ambo. Kijana huyu alihamia Marekani pamoja na wazazi wake angali mtoto, akapata uraia wa huko, na kwa zaidi ya miaka kumi amekuwa rubani wa ndege za uchukuzi katika jeshi la wanahewa la nchi hiyo. Sasa mkataba wake unaelekea ukingoni naye anaomba kazi katika shirika moja la ndege za abiria. "Shikamoo mjomba," alisema, "wewe ndiwe mwalimu wa lugha. Hebu niambie, neno hili maana yake nini hasa?"

Neno lenyewe ni lile ambalo Waingereza hulitumia kumtaja rubani mwenye amri ya ndege. Fomu ya maombi ilimtaka aandike idadi ya saa alizoruka akiwa na amri hiyo. Mpwa wangu alikuwa na majibu mawili yaliyopishana kwa zaidi ya saa 300, na kila jibu lilikuwa na kifungu cha sheria cha kulitetea. Mwenzake mmoja alikuwa amemshauri aandike ile idadi kubwa na kunyamaza.

Wapo watakaoniuliza mwalimu wa isimu ana shughuli gani na urubani. Jibu langu ni kwamba mzozo huu, kwa asili yake, ni mzozo wa maana za maneno. Saa ya rubani si saa ya ukutani. Ni istilahi iliyobuniwa na watu, na aliyeibuni ndiye anayeamua nani aajiriwe na nani arudishwe nyumbani.

Tuanze na chimbuko la tofauti yenyewe. Mkataba wa Chicago wa 1944, ambao ndio msingi wa sheria za kimataifa za usafiri wa anga, unasema katika kifungu cha 3 kwamba unahusu ndege za kiraia tu. Ndege za jeshi, za forodha na za polisi ni ndege za serikali, nazo hazimo. Kwa hiyo, tangu hapo kulikuwa na nyumba mbili na madaftari mawili. Katika nyumba ya kiraia, muda wa kuruka huanza ndege inapoanza kusogea kwa nia ya kupaa, na hukoma inaposimama kabisa mwishoni mwa safari. Dakika zote za kutambaa uwanjani na kungoja ruhusa zimo katika hesabu. Jeshi la wanahewa la Marekani, kwa upande wake, huanza kuhesabu ndege inapoanza kutimua mbio kwenye njia ya kurukia. Yaliyotangulia hapo, hata kama rubani ametoka jasho akiiongoza ndege kutoka maegeshoni, hayaandikwi.

Mashirika mengi ya ndege ya Marekani yanalijua jambo hili, nayo humruhusu mwanajeshi kuongeza sehemu ya saa kwa kila mruko. Aghalabu nyongeza hiyo ni dakika 12 au 18. Yaonekana ni haki tupu, lakini hebu tupige hesabu. Chukua rubani wa ndege ya kivita aliyeruka mara 600, kila mruko saa moja na nusu. Daftari lake lina saa 900. Akiongeza dakika 18 kwa kila mruko anapata saa 180 zaidi, yaani sehemu moja kwa tano ya alizokuwa nazo. Sasa mchukue mwenzake wa ndege ya uchukuzi aliyevuka bahari mara 180, kila safari saa nane. Ana saa 1,440, na nyongeza yake ni saa 54 tu. Hapana aliyedhulumiwa hapa, kwa kuwa wa kwanza alitambaa uwanjani mara nyingi zaidi. Hata hivyo, asiyejua kanuni hii atawaona wawili hao katika orodha na kudhani kwamba mmoja wao amejipunja au mwingine amejaza maji katika maziwa.

Nyongeza ya dakika, hata hivyo, ni jambo jepesi. Zito ni lile neno la mpwa wangu. Sheria za Marekani zinalifasili mara mbili. Katika sehemu ya kwanza ya kanuni zao, mwenye amri ni yule aliye na kauli ya mwisho na dhima ya usalama wa ndege. Katika sehemu ya 61, inayohusu leseni, rubani anaruhusiwa kujiandikia muda wa amri pale alipokuwa peke yake mwenye kushika usukani wa ndege ambayo ana idhini ya kuirusha, hata kama kauli ya mwisho ni ya mwingine aliyeketi kando yake. Jeshi nalo lina migawanyo yake: saa za aliyeshika usukani, saa za mwenzake, saa za mkufunzi. Migawanyo hiyo haikutungwa kwa ajili ya fomu za mashirika ya abiria.

Msomaji asidhani kwamba Kiswahili kingemwokoa mpwa wangu. Sisi nasi husema "kuongoza ndege", na kitenzi hicho kimebeba maana zote mbili, ya kushika usukani na ya kuwa mkubwa wa chombo. Manahodha wetu wa pwani walilitatua jambo hili zamani kwa kutenganisha majina: sukani ni mwenye kushika usukani, nahodha ni mwenye chombo na dhima yake. Sukani stadi hajiiti nahodha kwa sababu upepo ulikuwa mikononi mwake usiku kucha.

Rubani wa ndege ya kivita yenye kiti kimoja hana tatizo hili, maana yeye ni sukani na nahodha. Anayeumia ni rubani msaidizi wa ndege kubwa, ambaye amerusha na kutua mara nyingi chini ya macho ya mwingine.

Kwa nini idadi hizi zina uzito kiasi hicho? Tarehe 12 Februari 2009, ndege ya abiria ya Colgan Air ilianguka karibu na mji wa Buffalo, New York, ikaua watu 50, mmoja wao akiwa nyumbani kwake. Wachunguzi waligundua kwamba rubani mkuu alikosea katika kuitikia onyo kwamba ndege inakaribia kupoteza uwezo wa kuelea. Mwaka uliofuata Bunge la Marekani lilipitisha sheria, na kuanzia 2013 hata rubani msaidizi wa shirika la abiria alitakiwa awe na saa 1,500, ilhali hapo awali 250 zingemtosha. Aliyefunzwa na jeshi alipunguziwa hadi 750. Ajabu ni kwamba marubani wote wawili wa ndege ile walikuwa wamekwisha kupita saa 1,500. Saa zilikuwapo daftarini, na bado mkono ulikosea. Wabunge walichagua kupima kile kinachohesabika.

Sisemi saa hazina maana. Nasema kwamba idadi isiyoambatana na fasili yake ni sawa na bei isiyotaja sarafu. Punguzo lile la 750 lenyewe ni kukiri kwamba saa ya jeshini ina uzito wake, kwani mafunzo ya huko ni makali na anayeshindwa huondolewa. Kwa upande mwingine, aliyezoea kuamua peke yake angani hana budi kujifunza upya kusikilizana na mwenzake katika chumba cha marubani, na hilo haliandikwi katika safu yoyote ya daftari.

Huku kwetu jambo hili si geni. Kenya nayo imo katika Mkataba wa Chicago, na kiwango cha kimataifa cha saa 1,500 kwa leseni ya juu ya urubani kinatuhusu. Maafisa wetu wa jeshi la wanahewa nao hustaafu wangali na nguvu, na mafunzo yao yalilipiwa na mlipa kodi. Mashirika yanapotangaza nafasi, yaeleze katika tangazo lenyewe ni fasili ipi ya amri yanayoitaka, na ni dakika ngapi yanazokubali kwa kila mruko wa kijeshi. Mstari mmoja wa maandishi watosha. Mwombaji anayeachiwa kukisia atakisia kwa faida yake, na mkweli ndiye atakayebaki nyuma ya foleni.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nilimshauri mpwa wangu aandike ile idadi ndogo, ya safari ambazo yeye ndiye aliyetia sahihi kuipokea ndege, na ile kubwa aiweke katika karatasi ya maelezo pamoja na kifungu chake. Alinyamaza kidogo, kisha akasema mwenzake ameshaitwa kwenye mahojiano kwa idadi kubwa. Fomu ameipeleka kama nilivyomwambia. Hadi ninapoandika haya hajajibiwa.