NYUMBANI MWETU: Nilichoma Kabla ya Kusoma

Mwezi huu nitaanza na kosa langu mwenyewe, kisha niwaeleze kazi ya mikono iliyotokana na kosa hilo.

Mwaka jana mwanangu wa pili, mwenye umri wa miaka 15, alivunjika mguu akicheza mpira. Akafungwa hogo kuanzia pajani hadi karibu na vidole. Mimi ni muuguzi, nilijua mfupa utaunga. Sikujua namna ya kuuguza huzuni yake. Kila jioni wenzake walipopiga kelele uwanjani, yeye aligeukia ukutani. Chakula alirudisha nusu. Nikimwuliza, "Vipi, mwanangu?" hunijibu, "Salama tu, Mama."

Asubuhi moja nilirudi kutoka zamu ya usiku nikakuta karatasi zimetapakaa kitandani mwake. Binamu yake alikuwa amempa kitabu cha Kiingereza kwenye simu, naye akakichapa kwa printa yetu ndogo, ile tunayochapia ratiba za kwaya. Niliona neno moja tu juu ya ukurasa: vita. Usiku ule tulikuwa tumempokea kijana aliyekatwa panga, na damu yake ilikuwa bado machoni pangu. Sikuuliza kitu. Nilikusanya karatasi nikaenda kuwashia jiko la chai.

Mtoto hakulia. Alisema, "Sawa, Mama," akageukia ukutani.

Baba watoto aliposikia aliniuliza swali moja: "Mama watoto, ulizisoma?"

Sikuwa nimezisoma. Karatasi chache zilikuwa zimebaki pembeni mwa jiko. Nikakaa kwenye kigoda, nikasoma.

Kitabu chenyewe kinaitwa Little Wars, yaani Vita Vidogo. Kiliandikwa na Mwingereza H. G. Wells, kikatoka mwaka 1913. Ni sheria za mchezo wa askari wa bandia, unaochezwa sakafuni. Askari wa miguu husogea futi moja kwa zamu, mpanda farasi futi mbili, na mizinga midogo yenye springi hurusha vipande vya mti. Lakini mwishoni mwandishi anasema kwamba mtu akiucheza mara tatu au nne ataona jinsi vita vya kweli vilivyo jambo la kipumbavu. Anataka watawala wapenda vita wafungiwe katika jumba moja, wapigane humo kwa wanasesere, sisi wengine tuachwe tuishi. Mwaka uliofuata, 1914, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilianza.

Nilirudi chumbani nikamwomba mwanangu radhi. Si rahisi mama kumwomba mtoto radhi, lakini ni rahisi kuliko kuendelea kuutazama mgongo wake. Nikamwambia, "Tuchape upya, na safari hii tushone kiwe kitabu, kisitawanyike tena." Aligeuka.

Hivi ndivyo tulivyofanya. Mkitaka mwaweza kushona vivyo hivyo daftari la mapishi au la nyimbo zenu. Ila kumbukeni kuwa kitabu cha mtu kina haki zake. Wells alifariki mwaka 1946, na muda wa haki za kitabu chake umekwisha. Kwa waandishi wa leo, hakikisheni kwanza kwamba wameruhusu kunakili.

Hesabu. Karatasi moja ya A4 ikikunjwa katikati hutoa kurasa nne. Kwa hiyo idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa nne. Sheria zetu zilichukua kurasa 30. Tukaacha mbili tupu mwishoni, zikawa 32, yaani karatasi 8.

Kuchapa. Tulichagua mpangilio wa kijitabu. Karatasi ya nje hubeba ukurasa wa 32 na wa 1 upande mmoja, wa 2 na wa 31 upande wa pili. Namba mbili zilizo kando kwa kando zikijumlishwa ni lazima ziwe 33. Zisipokuwa 33, mmekosea. Printa yetu huchapa upande mmoja tu, hivyo tulichapa nyuso za mbele, kisha tukazirudisha karatasi zichapwe nyuma. Jaribuni kwanza kwa karatasi moja yenye alama ya penseli, mjue inavyogeuzwa, msije mkaharibu zote.

Kukunja. Kunjeni kila karatasi peke yake na kupitisha mgongo wa kijiko juu ya mkunjo. Kisha zipachikeni moja ndani ya nyingine, na nje kabisa wekeni jalada la karatasi ngumu ya manila.

Kutoboa. Fungueni kitabu katikati juu ya gazeti lililokunjwa. Kwa sindano nene toboeni matundu matatu kwenye mkunjo: moja katikati, na mengine sentimita 3 kutoka kila ncha.

Kushona. Kateni uzi imara wa sentimita 60, mwuburuze juu ya mshumaa ili usijisokote. Anzeni ndani, mtoke nje kwa tundu la katikati, mkiacha mkia wa uzi. Ingieni kwa tundu la juu. Ndani, ruka la katikati mwende moja kwa moja hadi la chini, mtoke nje. Rudini ndani kwa la katikati. Mikia miwili ikae pande mbili za ule uzi mrefu, kisha fungeni: kulia juu ya kushoto, halafu kushoto juu ya kulia. Ni fundo lile lile tunalofungia bendeji ya kuning'iniza mkono. Hulala bapa na halilegei.

Kupunguza. Kurasa za ndani zitajitokeza kidogo. Mama azikate mwenyewe kwa rula ya chuma na kisu kikali. Kitabu kikizidi karatasi kumi hivi, kigawanyeni mafungu, maana mkunjo hautalala.

Kijana wangu alishona mwenyewe, mguu juu ya mito. Alikosea, akafumua, akashona tena. Katikati ya kazi akauliza, "Mama, mbona humu kuna askari na mizinga, lakini hakuna wapagazi wala manesi?"

Nikamsimulia habari ya babu yake mama yangu. Vita vile vilifika hadi kwetu. Novemba 1914 watu walipigana Tanga, na kwa miaka iliyofuata wanaume wetu walibebeshwa mizigo ya majeshi. Jina la Kariakoo limetokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza. Babu huyo alichukuliwa pamoja na kaka yake. Yeye alirudi, kaka yake hakurudi.

Kesho yake nilikuta zile kurasa mbili tupu zimejaa mwandiko wa mwanangu. Alikuwa ametunga sheria zake: mzinga usio na wapagazi hausogei. Askari aliyepigwa haondolewi mchezoni. Mpagazi akimfikia, abebwe hadi hospitali, na baada ya zamu tatu arudi. Hospitali yenyewe ni boksi langu la zamani la glavu. Askari ni vifuniko vya soda.

Nami nikaongeza sharti langu kwa kalamu nyekundu: mzinga usilenge uso wa mtu, na mdogo wao asikae mbele yake. Nimeona macho ya kutosha hospitali.

Hogo lilitolewa baada ya wiki nane. Jioni hizi yuko uwanjani tena, na kitabu kiko rafuni. Ukikifungua utakuta ukurasa wa 7 una ncha iliyoungua. Ni mmoja wa zile zilizobaki jikoni. Alikataa nichape mwingine, akaupachika na kuushona ndani jinsi ulivyo.

Mama mwenzangu, ukikuta karatasi usizozielewa mikononi mwa mtoto, keti kwanza, uzisome. Moto haukimbii.

Tuonane mwezi ujao.