Ndege Kongwe na Mgongo wa Mpakizi



Sisi wa Kariokor twazijua habari za mizigo. Jina la mtaa wetu latoka kwa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918. Leo wapagazi wako Embakasi, katika uwanja uliojengwa kwa jasho la mahabusi wa Hali ya Hatari, ukafunguliwa 1958.

Ndege ikichoka kuchukua abiria, hung'olewa viti, hukatwa mlango mkubwa ubavuni, ikawa ya mizigo. Boeing 727 iliruka kwanza 1963, ya mwisho ikaundwa 1984, na nyingine zikachukua mizigo miaka mingi baadaye. Juu, shehena huingizwa kwa mashine. Chini tumboni ni sanduku moja moja kwa mikono, mpakizi amepiga magoti, maana hapana nafasi ya kusimama.

Wengine husema ndege kongwe zitupwe. Sisi hatusemi hivyo. Zikiondoka bila badala, na kazi itaondoka. Tena ndege hutunzwa: kila kutua kwake huandikwa, na hesabu ikitimia lazima ikaguliwe. Je, nani aandikaye masanduku aliyoinua mtu? Nani akaguaye mgongo, magoti na masikio yake?

Twataka mpakizi apimwe na daktari kila mwaka kwa gharama ya tajiri, apewe na vizibo vya masikio. Chuma chatunzwa kwa sheria. Mtu naye atunzwe. Wanachama, lileteni neno hili mkutanoni.