Kompyuta ina jina, iite kwa jina

Jana nimegombana na laptopu yangu mpaka saa nane usiku, na Jumatatu grupu letu tuna presentesheni. Nimeibatiza "butiama", kwa heshima ya nyumbani. Nikiandika localhost, mradi unafunguka; jamaa yangu wa Bunda akiandika http://butiama kwenye mashine yake, kimya.

Kumbe Apache niliiambia isikilize 127.0.0.1 tu, yaani ijisikilize yenyewe! Nikaweka Listen 80 na ServerName butiama, nikaiwasha upya. Kwenye faili la hosts la jamaa tukaandika IP yangu na hilo jina. Ikaitika!

Mnaosema namba inatosha, sikubali. Ruta ikibadilisha IP, unarekebisha mstari mmoja kila mashine, viungo vya mradi huvigusi. Hata Musoma, nani anamwelekeza mgeni kwa namba ya kiwanja?