Kompyuta Kuukuu Zina Kazi, Ila Ziwekewe Lindo

Katika ofisi za serikali, vituo vya polisi na kambi za jeshi, karatasi bado ndiyo itoayo amri. Hati ya kukamata, kibali cha safari, orodha ya zamu na taarifa ya bohari havina nguvu mpaka vimechapwa, vikatiwa sahihi na kupigwa muhuri. Kwa hiyo swali la jinsi karatasi inavyotoka ndani ya kompyuta si la mafundi peke yao. Ni swali la utumishi, na ni swali la usalama.

Tutazame mfano wa Malawi. Kambi ya Dzaleka, wilayani Dowa, iko kilomita zipatazo 45 kutoka Lilongwe. Mahali hapo palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa wakati wa utawala wa Rais Kamuzu Banda; mwaka 1994 pakafanywa makao ya wakimbizi. Kambi ilikusudiwa watu 10,000 hadi 12,000, lakini leo inao zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili husikika humo kila upande. Kwa sera ya nchi hiyo, mkimbizi hatakiwi kuishi nje ya kambi bila idhini. Mwaka 2023 askari polisi walitekeleza amri ya kuwarudisha Dzaleka wakimbizi waliokuwa wakiishi Lilongwe na mijini kwingine. Askari anayemsimamisha mtu barabarani ana kipimo gani cha haraka, isipokuwa karatasi iliyo mkononi mwa mtu huyo? Karatasi ikichelewa kuchapwa, mwenye haki huonekana mkosaji. Karatasi ikiibwa au kughushiwa, mkosaji huonekana mwenye haki.

Sasa fikirini ofisi yenye kompyuta tano kuukuu na printa moja. Printa imefungwa kwenye kompyuta moja, na mwenye kompyuta hiyo akienda likizo, kazi ya wote husimama. Wengine hubeba majalada yao kwa vijiti vya kumbukumbu kutoka mashine hadi mashine, na virusi navyo husafiri humo bila nauli. Anunuliwapo printa mpya, kompyuta za zamani hazielewi lugha yake, kwa maana mtengenezaji hakuziandalia programu. Hapo ndipo husikika kauli nyepesi: zitupwe zote, zinunuliwe mpya.

Kauli hiyo tunaipinga. Wahenga walisema, usitupe mbachao kwa msala upitao. Dawa ni kuweka seva, yaani kompyuta moja iliyopewa kazi ya mtunza bohari. Majalada ya ofisi huhifadhiwa humo, na kila kazi ya kuchapwa hupokewa humo na kupangwa foleni. Kompyuta kuukuu haina haja ya kuijua printa mpya. Yatosha ipeleke kazi yake kwa seva katika lugha ya PostScript, iliyotolewa na kampuni ya Adobe mwaka 1984 na kufahamika na mashine nyingi za zamani. Seva ndiyo itakayoifasiri kwa lugha ya printa. Programu za kufanya hivyo, kama Samba iliyoanza mwaka 1992 na CUPS iliyotoka mwaka 1999, hupatikana bila malipo.

Kwamba vyombo vilivyokwisha kudharauliwa vyaweza kufanya kazi ya heshima, Lilongwe yenyewe ni shahidi. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, shirika la Baobab Health lilichukua mashine ndogo ziitwazo i-Opener, zilizouzwa Marekani kwa matumizi ya nyumbani na kushindwa sokoni, likazigeuza kuwa vituo vya kuandikishia wagonjwa katika Hospitali Kuu ya Kamuzu. Mhudumu aligusa kioo, kumbukumbu zikaenda kwenye seva, na printa ndogo ikatoa lebo yenye namba ya mgonjwa, ikabandikwa katika kitabu chake cha afya. Mashine hizo zilichaguliwa pia kwa kuwa hazili umeme mwingi. Hilo si jambo dogo katika nchi ambayo Januari 2022 tufani ya Ana iliharibu kituo cha umeme cha Kapichira, chenye uwezo wa megawati zipatazo 130.

Hata hivyo, lazima tuseme ukweli wote. Ukongwe una hatari zake. Kompyuta za Windows XP, ambazo Microsoft iliacha kuzihudumia Aprili 2014, huzungumza na seva kwa toleo la kwanza la utaratibu uitwao SMB. Kasoro katika toleo hilo ndiyo iliyopitiwa na kirusi cha WannaCry mwezi Mei 2017, hata hospitali nyingi za Uingereza zikaahirisha matibabu. Fundi anayeifungulia kompyuta kuukuu mlango huo, na papo hapo akaiunganisha seva na intaneti, ameacha ghala la silaha wazi usiku.

Kwa hiyo twashauri mambo manne. Kwanza, kompyuta kuukuu na seva yao ziwe katika mtandao wa peke yao, usiogusana na intaneti. Pili, seva na printa zipewe anwani za kudumu, kwani anwani ikibadilika kila umeme unaporudi, kazi hupotea njia. Na seva iwe na betri ya akiba. Tatu, kila mtumishi awe na jina lake na neno lake la siri, ili daftari la seva lionyeshe nani amechapa nini na saa ngapi. Nne, foleni isafishwe, maana nakala ya kilichochapwa yaweza kubaki ndani ya seva, na karatasi iliyosahaulika juu ya printa haina mlinzi.

Ndugu askari, jambo hili la nne msilidharau. Katika orodha ya wakimbizi mna majina ya watu waliokimbia ili wasiuawe. Orodha hiyo ikiangukia mikononi mwa wanaowawinda, hakuna doria itakayoirudisha. Bunduki huandikwa namba, hutolewa kwa sahihi na kurudishwa kwa sahihi. Karatasi inayoweza kumfunga mtu au kumwachia huru yastahili utaratibu uo huo, na mkuu wa kituo ndiye wa kuuamuru, asingoje fundi aje kutoka makao makuu.